Ng'ombe Wachache, Kahawa ya Babu

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi nimesimama zizini kwa mama yangu, bibi yako, kule Kilema, nikijizuia nisifoke. Nilikuwa mwanafunzi wa mifugo. Nilichagua kaya sita, kila moja ina ng'ombe wawili waliozaliwa tumbo moja, wanaolala zizi moja. Mmoja ale majani ya lusina, ule mti wa malisho, mwenzake asile, kisha nilinganishe maziwa yao. Ng'ombe wa nyumba mbili tofauti huwezi kuwalinganisha, kila nyumba na matunzo yake. Mama alilisubiri sana jibu hilo, maana alitaka kung'oa kahawa ya marehemu babu yako apande lusina kihamba kizima, shamba lote la nyumbani.

Nikawakuta wote wawili wanatafuna lusina.

"Mama, si nilisema mmoja tu?"

"Huyu ale, ndugu yake amtazame? Mimi siwezi."

Kaya zote sita zilifanya hivyo hivyo, mwanangu. Msimu mzima uliharibika kwa huruma.

Tukaanza upya. Safari hii mmoja akila, mwenzake anatolewa nje. Kaya tano, aliyekula lusina akamzidi mwenzake maziwa. Kaya moja akazidiwa. Mama akaenda kuchukua jembe. Mwalimu wangu, mzee mkali aliyepanda nami kutoka Moshi mjini, akamzuia.

"Mama, rusha sarafu mara sita. Ikiangukia upande mmoja mara tano utashangaa? Hiyo hutokea tu. Hapa hatujathibitisha kitu."

"Kwa hiyo majani hayana kazi?"

"Sijasema hayana kazi. Nasema ng'ombe ni wachache."

Mama akasonya. Mtu kasoma mpaka mvi, na bado hajui? Alinuna siku hiyo yote, lakini jembe alilirudisha. Kahawa ile ndiyo iliyokusomesha.

Na wewe jana unanipigia simu, umepima lusina kwa jozi tano za ng'ombe, unasema imethibitika, Jumamosi unaing'oa kahawa. Unanichosha, mwanangu. Jozi tano hata zikikubaliana zote, bado ni tano. Tafuta nyingine, tena usimame zizini mwenyewe uone nani anakula nini. Tofauti ikionekana kwa wachache, usiape kwamba ipo. Isipoonekana, usiape kwamba haipo.

Mungu akubariki, akuzidishie ng'ombe mpaka watoshe kukupa jibu, na akupe moyo wa kusema "bado sijui" mbele ya watu. Na hilo jembe lirudishe ndani.