Mafuta ya Kuvukia Ziwa

Nabii wa bandari ya Nchelenge huongea polepole, kama anayebembeleza mtoto, na kidole gumba chake hakikauki mafuta. Humpaka kwenye paji la uso kila anayepanda boti kwenda Kongo. "Mutu anavaa jaketi ya kuokolea, anamutukana Mungu," husema, kisha hujifuta kwenye pindo la kanzu. Suzanne, mchuuzi wa samaki, alimsadiki: aliuza jaketi lake, akanunua chupa ya mafuta.

Leo nabii naye alikuwa safarini, boti moja na Suzanne. Katikati ya ziwa upepo ulivuma, maji yakaanza kuingia botini, na kanzu yake ikapeperuka hadi shingoni. Ndani alivaa jaketi la rangi ya chungwa, limefungwa vishikizo vyote. Akaishusha kanzu bila haraka.

"Usiogope, mama. Mafuta inatosha."

Suzanne akamnyooshea chupa yake. "Kama ni vile, baba, tubadilishane."