Nakala Iliyompita Levina

Makoye aliingia uani kwa Levina, mtaa wa Mlabani, bila hata shikamoo. Akatupa barazani fungu la mpunga uliokauka.

"Mama, umeniunguzia shamba! Nimepuliza dawa ya magugu kama ulivyoandika."

Levina alikuwa afisa ugani mstaafu. Tangu aache kazi alikuwa na tovuti yake ya kilimo cha mpunga, na hakuandika kitu ambacho hajakijaribu kwanza shambani kwake. Aliomba simu ya Makoye aone alichosoma. Makala ilikuwa yake neno kwa neno, hata jina lake lilikuwepo, ila tovuti ilikuwa ya habari, ya Dar es Salaam. Na kitu kimoja tu kilikuwa kimekatwa: onyo la kutopuliza dawa ile mpunga ukiwa bado mchanga.

"Hawa wameniibia, Makoye."

"Nilitafuta jina lako mtandaoni, hii ndiyo ikatokea juu kabisa. Yako hata sikuiona."

Levina alitafuta namba yao kwenye ukurasa ule ule. Akaipigia simu tovuti ile papo hapo, Makoye akisikiliza.

"Mama, sisi alama zetu za mamlaka mtandaoni ni sabini kwa mia, wewe una sita," mhariri wao alimjibu. "Tunakusaidia usomwe."

"Mnanisaidia? Watu wanaunguza mashamba kwa jina langu!"

Simu ikakatwa.

Alikwenda kwa Fulgensi, fundi wa kompyuta wa mtaa wa Viwanja Sitini, akaanza kufoka kuhusu zile alama kabla hajakaa. Fulgensi alimwacha amalize.

"Alama hizo hazitolewi na injini ya kutafuta, ile unayoiandikia neno ikakuletea tovuti, mama. Kuna kampuni za pembeni zinazokisia nguvu ya tovuti kwa kuangalia ni tovuti ngapi nyingine zinawaelekeza wasomaji kwake. Injini ina vipimo vyake, lakini nayo inajali nani anakutaja. Wale wanatajwa na nchi nzima."

"Kwa hiyo mwizi anayejulikana anaaminiwa kuliko mimi?"

"Mara nyingi, ndiyo. Wapo wanaouza viungo vya uongo, vile vya kubofya vinavyompeleka msomaji kwenye tovuti yako, ili alama zipande."

"Sinunui uongo!"

Alituma malalamiko kwa wenye injini ya kutafuta, pamoja na ushahidi kwamba makala yake ilitangulia. Kisha akazunguka redioni, kwenye chama cha wakulima na kwa watafiti aliowahi kufanya nao kazi, akiwataka waweke kiungo cha tovuti yake kwenye kurasa zao. Wengine walimzungusha, aliwarudia mpaka wakaweka.

Baadaye nakala ya wale wa Dar iliondolewa kwenye matokeo ya utafutaji, na makala yake ikapanda ukurasa wa kwanza. Fulgensi alimpigia kwa furaha kumwambia alama zimepanda pia.

Wakati huo Levina alikuwa kwenye tope shambani kwa Makoye, wakipandikiza pamoja miche aliyoitoa kwenye kitalu chake mwenyewe.

"Wale wa Dar wameomba radhi?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Basi usinipongeze," akasema, akakata simu, akainama kuendelea na mstari.