Mama Kitonga Hahami Kiganjo

Mimi si mtu wa kusifu majirani ovyo. Nikikuambia Mama Kitonga ni mwanamke kamili, jua nimemchunguza, maana milango yetu inatazamana orofa ya tatu hapa Kiganjo.

Mwili wake ulikuwa mzito, na baridi yabisi ikamshika magotini hadi ngazi zikawa adhabu. Mwanawe Kitonga, anayekaa mtaa wa Membley, akamwambia Agosti ikiisha atakuja na pikapu amhamishie kwake, nyumba isiyo na ngazi. Kijana mzuri, sikatai. Lakini cherehani ya mama iko hapa chini, wateja wako hapa, na huko Membley angefanya nini, kutazama geti mchana kutwa? Alinililia, nami nikapandwa na hasira nisijue namkasirikia nani.

Hospitalini wakamuunganisha na Neha, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliye Ruiru, anayefundisha watu kwa video ya simu. Kila Jumatano jioni simu inaegemezwa kwenye mkebe wa majani ya chai, mama anaketi kitini, anasimama bila kushika meza, anaketi tena. Mimi nilidhani ni mchezo. Kumbe asubuhi pia alikuwa akirudia peke yake, jasho likimtiririka.

Maumivu yakapungua kidogo, lakini mizani, ambayo Neha alitaka ishuke ili magoti yapumue, ikakataa kata kata. Neha akamuuliza anakula nini. Akataja yote kwa ukweli: ugali kidogo, mboga nyingi, chapati ameacha. Neha akabaki ameduwaa, mpaka siku moja akamwona kwenye simu ameshika kikombe, akauliza, na hicho je? Chai, jamani! Chai ya maziwa na sukari ya kutosha, anakunywa na kila mteja anayeketi, na kila nyumba wanakokutana kwa maombi. Hakuificha. Nani huku kwetu aliwahi kuita chai chakula?

Hapo ndipo nilipomkubali. Kukataa chai ya mtu nyumbani kwake ni kumtukana, lakini yeye akaanza kuomba maji moto matupu. Watu walinuna. Dada mmoja wa kanisa akamuuliza mbele yetu kama anaogopa kuwekewa sumu. Ningekuwa mimi ningemjibu vizuri sana huyo. Mama Kitonga alicheka tu, akanywa maji yake, na wiki iliyofuata akaenda tena nyumbani kwa dada huyo. Polepole mwili ukaanza kupungua.

Agosti ikaisha, pikapu ikaja. Kitonga alimkuta mama chini akishona, akamwambia wapande wakafunge vitu. Mama akatangulia, taratibu, bila kusimama popote. Nilimsubiri juu na machozi yakanilenga, sioni aibu kusema. Kitonga alifika baadaye sana, tumbo mbele, akaegemea ukuta akihema.

Mama yake akampa kiti, akamngoja apate pumzi.

"Hiyo pikapu irudi tupu, mwanangu," akasema. "Na Jumatano jioni ukae karibu na simu. Nitamwambia Neha tuko wawili."