Swali la Nani Mume

Ile tamthiliya niliipokea mwezi wa Shaabani, vipindi kumi, na nikapewa wiki sita. Kazi yangu ni kutafsiri maandishi yanayopita chini ya picha, kutoka Kiingereza kwenda Kiarabu, na naifanya nyumbani kwetu Nizwa, kwenye meza ya kulia chakula, kwa ajili ya kampuni ya ng'ambo inayouza tamthiliya mtandaoni. Nimeshatafsiri wapelelezi, madaktari, hata mashindano ya kuoka keki. Hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kupewa hadithi ya wanawake wawili wanaopendana na kukaa nyumba moja.

Nilifurahi, siwezi kukataa. Mimi mwenyewe naishi na mwanamke, huu mwaka wa tisa. Majirani wanatujua kuwa ni walimu wawili waliopanga pamoja, ijapokuwa mwalimu ni yeye tu, wa hesabu, katika shule ya wasichana. Kwa Kiswahili namwita mwenzangu, na neno hilo linanitosha. Anayetaka kuelewa ataelewa.

Furaha yangu haikumaliza kipindi cha kwanza. Mmoja alikuwa na nywele fupi, koti la ngozi na pikipiki. Wa pili alikuwa na nywele mpaka kiunoni, magauni ya maua, na woga wa panya. Wa koti hakulia, hakuogopa, hakuuliza njia. Wa gauni alilia kwa niaba ya wote wawili. Kufika kipindi cha nne nilikuwa najua kabla ya kuona nani atafungua mlango na nani atapokea maua. Nikamwambia mwenzangu kuwa hawa waandishi wamewachukua mume na mke wa tamthiliya za Ramadhani, wakamnyoa mume ndevu, basi.

Kiarabu nacho kikazidisha. Kwa Kiswahili unasema "wewe" ukamaliza. Kiarabu hakikuachii useme "wewe" mpaka ujue unasema na nani: inta kwa mwanamume, inti kwa mwanamke. Mimi niliandika inti kwa inti, wanawake wawili wanazungumza, nikapeleka vipindi vitatu vya mwanzo.

Vilirudi vimejaa maelezo ya pembeni. Msahihishaji wa kampuni, mwanamke ambaye sijawahi kumuona ila kwa sauti, alitaka yule wa koti apewe maneno makavu, na mwenzake awe anamwita inta kwa utani, kila mara. Alieleza sababu: mtazamaji lazima ajue nani mume. Nikamwandikia kuwa hakuna mume, hiyo ndiyo hadithi yenyewe. Akanipigia. Alikuwa mpole, na amechoka, akasema hayo si maoni yake, ila watazamaji wasipoonyeshwa mume wanapotea. Nikamuuliza wanapotea wakaenda wapi. Akaniambia nifikirie.

Wiki hiyo mama alikuja kutoka Sur kutibiwa goti. Mama amezaliwa Unguja mjini, akaja huku kwa Waarabu angali msichana. Kiarabu chake ni cha kuzungumza. Cha kusoma hana haja nacho. Alikaa ubavuni kwangu na kikombe chake cha kahawa, anatazama picha, na mimi nikimwambia kwa Kiswahili vipande viwili vitatu vya maneno. Hazikupita dakika kumi.

"Huyu wa koti ndiye mume?" akauliza.

Nilimjibu kwa ukali ambao sikuwahi kumjibu nao tangu nizaliwe. Nilimwambia dunia nzima haina swali jingine. Aliweka kikombe chini, akenda kujilaza.

Alasiri ya siku ile pampu ya tangi la maji iliharibika. Mwenzangu alirudi shule, akamwamkia mama shikamoo, akavua abaya, akapanda juu ya paa na dera lake na spana, bangili zinalia mkononi. Mama alitoka uani, akainua uso kumtazama.

"Kumbe," akasema.

Nililijua hilo kumbe linaelekea wapi. Watu wakishasikia kuwa mwenye nywele ndefu ndiye anayeshika spana, hawaachi swali. Wanaligeuza tu, mume anahama upande wa pili. Nikamwambia mama asiendelee. Huyo aliyeko juu ya paa ndiye aliyepika alfajiri, kabla ya kwenda shule, lile pilau alilokula mama mchana, na juzi alilia kutwa nzima kwa ajili ya paka aliyegongwa na gari. Kama pampu inamfanya mume, basi pilau limfanye nini? Na mimi ninayepiga pasi nguo za watu wawili na kugombana na mwenye nyumba, niwe nani?

Mama hakukasirika. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akaunyoosha mguu wake mbovu.

"Mie nimekaa na babako miaka thalathini na nane," akasema. "Paa nikiziba mie. Nyoka nikiua mie. Yeye akiona damu anaanguka. Hapana hata mtu mmoja aliyeniita mume. Wakisema nina bahati, nimepata mume mpole."

Kisha akamwita mwenzangu ashuke, jua kali. Hakuuliza zaidi, na mimi sikuongeza.

Ijumaa nilimpa mwenzangu asome tafsiri yangu, maana yeye huona makosa kama anavyoyaona kwenye madaftari ya wanafunzi. Alisoma vipindi vitano kimya. Halafu akauliza kwa nini wa gauni kila akiomba kitu anasema "law samahti", yaani tafadhali, na wa koti hasemi hata mara moja. Nikamwambia ndivyo walivyoandika. Tukatazama pamoja. Hawakuandika hivyo. Kwa Kiingereza wote wawili walikuwa wakitoa amri tu. Adabu ile niliitia mimi, kwa mkono wangu, mahali tisa, na hakuna msahihishaji aliyeniomba. Nilimkasirikia mwenzangu siku nzima kwa sababu alisema kweli.

Nilizitoa zote tisa. Kipindi cha sita wa gauni alikohoa mara moja, mwenzangu akasema huyu ameshakufa. Alikufa kipindi cha kumi.

Nilipeleka kazi yote inti kwa inti. Ilipotoka nikaitazama: ule utani waliouomba wameugeuza kweli, wa koti ameshakuwa inta mwanzo hadi mwisho. Niliandika kuomba jina langu liondolewe. Liliondolewa bila barua, na tangu hapo naletewa wapelelezi tu.

Mama alipiga simu kutoka Sur kuuliza hadithi iliishaje. Nikamwambia mmoja kafa.

"Yupi?"

"Wa nywele ndefu."

"Maskini. Na yule mwengine nani atampikia?"

Nikamwambia atajipikia mwenyewe. Mama akasema katika kutazama kwake hakumuona yule wa koti hata mara moja akisogelea jiko.