Mashine Iliyozibwa Masikio

Mwenye mashine ya kutafutia vyuma nilimdharau tangu aliposhuka kwenye tuktuk na miwani ya jua, salamu hana. Huenda nilimwonea. Shule niliishia la saba, naye mashine aliachiwa na Mtaliano aliyehama Malindi. Labda aliachiwa pamoja na elimu yake.

Mdogo wangu alikuwa ameangusha pete ya dhahabu ufukweni, siku ya Idi. Alivishwa na mavyaa yake, mama wa mumewe, ambaye jioni ile ile alikuwa anakuja kula kwetu kutoka Takaungu. Na mavyaa huyo huangalia vidole kabla ya uso. Maji yalishaanza kujaa.

Siku ya Idi mchanga ule ni jalala: vizibo vya soda, vishikio vya makopo, karatasi za kung'aa za pakiti za sigara. Mashine ikalia kila hatua. Bwana yule akakereka, akabonyezabonyeza, ikanyamaza.

"Nimeifunga isisikie takataka. Sasa ikilia, jueni ni dhahabu."

Tukatembea nusu saa mashine hailii, yeye mbele kama imamu. Mwisho nikavua pete yangu ya ndoa, nikaiweka mchangani.

"Kaka, hebu pitisha hapa."

Akapitisha. Kimya.

"Basi yako si dhahabu, dada."

"Mumewe akikusikia!" mdogo wangu akasema, anacheka huku machozi yanamtoka.

Bwana yule akarudia mara tatu. Kimya. Nikaiokota pete yangu, nikamwambia pete nyembamba na karatasi ya sigara, kwa mashine yake, pengine ni kitu kimoja. Ukifukuza hii umefukuza na ile. Sikuwa na hakika, nilikisia tu.

"Nikiifungua itapiga kelele."

"Na ipige!"

Akaifungua. Haki yake nimpe: nguvu aliipunguza mwenyewe, isisikie vya chini sana, akawa anaipitisha polepole, chini chini. Hilo mimi nisingelijua. Tukaanza upya, maji yanatulamba miguu, nachimba kizibo baada ya kizibo.

Ikatoa mlio mdogo, wa kichovu.

"Karatasi hiyo. Twende."

Nikachimba. Pete.

"Mnaona mashine yangu?" akasema, na mdogo wangu akamshukuru yeye, kwa mikono miwili.

Nilitaka kumkumbusha kuwa aliiita karatasi, lakini nikaanza kufukia mashimo. Mashine ilikuwa yake kweli. Na pale sikuchimba kwa akili. Nilichimba kwa sababu yeye alisema tuondoke.