Usingizi wa Siwema

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye zahanati ya kisiwani kule delta, Mganga Mfawidhi hakunionyesha dawa hata moja. Alinikalisha kwenye benchi pamoja na wagonjwa, na sare yangu mpya iliyopigwa pasi, akaniambia, "Dawa zipo kabatini, hazikimbii. Kaa hapa usikilize watu wanalalaje, wanakula nini, wanaamka kwenda wapi. Ukishayajua hayo ndiyo uje dirishani kutoa dawa." Nilinuna. Nilikuwa nimesomea utoaji dawa, sikusomea kukaa benchi.

Baadaye nilihamishiwa kituo cha afya upande wa Kibiti, nikawa chini ya Mfamasia wa Wilaya, mtu mkavu asiyecheka ovyo. Yeye ndiye aliyenifundisha mwingiliano wa dawa, yaani dawa mbili zinapokutana mwilini, moja ikavuruga kazi ya nyingine au kuizidisha nguvu. Miaka yangu ya mwisho kazini zikaanza kuingia chupa kutoka Dar na Omani, zimeandikwa melatonini. Watu wakaziita vitamini za usingizi. Mfamasia akatukusanya.

"Hii si vitamini," akasema. "Ni homoni. Mwili unaitengeneza wenyewe giza likiingia, ili ujue kuwa ni usiku. Ya chupani ni nyongeza, na nyongeza nayo huulizwa kama dawa."

Niliyashika maneno hayo. Ukiitaka kwenye chakula, ipo kidogo kwenye mayai, samaki, maziwa, karanga, korosho, hata kwenye wali wenyewe. Haitakuangusha kitandani, lakini mlo wa jioni usiochelewa na taa inayozimwa mapema huusaidia mwili. Ukiamua kumeza ya chupani, anza na dozi ndogo kabisa, saa moja au mbili kabla ya kulala, kwa muda mfupi, wala usiongeze kwa haraka zako. Anayetumia dawa za presha, za kisukari, za kifafa au za kuzuia damu kuganda aulize kwanza, na mjamzito vilevile. Chupa ikae mbali na watoto, maana nyingine zina ladha ya pipi. Na ukishameza, usiendeshe chombo wala usifanye kazi inayotaka macho. Hilo la mwisho nililirudia sana pale dirishani, na linaniuma mpaka leo.

Shoga yangu Siwema alikuwa mjane wa kijijini Mtunda, akilima mpunga bondeni. Mpunga ukianza kukomaa alihamia dunguni, kile kibanda kinachoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba. Mchana majirani waliamia ndege wasile mpunga, ili yeye alale, na usiku alipiga debe kufukuza nguruwe. Zamani walipokezana na mumewe. Mwanawe Hamisi, aliye Dar, alikwisha kumwambia kwamba msimu huu ukiharibika atakuja kumchukua. Hakusema kwa ubaya. Siwema hakutaka kuondoka, nami sikutaka aondoke. Ulibaki msimu mmoja tu nistaafu, na tulishapatana kwamba nikiacha kazi nitahamia kule tupokezane zamu.

Usingizi wa mchana ukawa haumjii. Alimlalamikia Hamisi kwenye simu, na Hamisi, kwa mapenzi tu, akamtumia chupa. Siwema akaja nayo dirishani kwangu.

"Shoga, nikimeza hii adhuhuri, si nitalala mpaka magharibi, kisha nipande dungu langu na macho makavu?"

"Macho makavu utayatoa wapi? Itakufuata mpaka dunguni. Halafu wewe unameza za presha. Iache mpaka uvune."

"Nyie watu wa dirishani mna hofu," akasema, akaifunga chupa kwenye ncha ya kanga, akaondoka akicheka.

Akameza adhuhuri. Jua, kuku, redio ya jirani, usingizi haukuja. Alasiri akaongeza vidonge viwili, kama anayeongeza kuni chini ya chungu kinachochelewa kuchemka. Jioni akapanda dungu.

Asubuhi nilipigiwa simu, nikaenda. Mpunga ulikuwa umelala chini, umekanyagwa na kutafunwa. Siwema alikuwa amekaa kwenye ngazi ya dungu, debe mapajani.

"Usiniseme," akaniambia. "Nimelala, shoga. Sijalala hivyo tangu baba Hamisi alipofariki."

Sikumsema. Nilikaa ngazi ya chini yake, tukalia. Wiki haikuisha, Hamisi akaja kumchukua.

Mimi nilistaafu kama ilivyopangwa, nikaagwa kwa pilau na hotuba ndefu. Sasa nina nafasi ya kulinda usiku kucha, na kule bondeni dungu limebaki nguzo mbili na majani. Namkumbuka yule Mganga Mfawidhi na benchi lake. Siwema nilijua analalaje, anakula nini, anaamka kwenda wapi. Nilijua yote, na haikusaidia kitu. Nasikitika sana.

Juzi alinipigia. Anasema huko Dar usingizi unamkatika saa zile zile za nguruwe, anakaa kitandani akisikiliza. Akaniuliza ale nini. Nikamtajia: yai, samaki, maziwa ya moto, korosho chache, taa izimwe mapema, na ile chupa asiiguse kabla hajamwona daktari wake wa presha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Vyote hivyo vipo huku, shoga," akasema. "Nguruwe tu ndio hawapo."