Marehemu Amebadilisha Namba ya Simu

Watu wa hapa Babati wakiniuliza habari za masomo Uingereza huwa wanataka theluji. Nawapa theluji. Wakitaka kucheka zaidi, nawasimulia jinsi chuo kilivyomuua baba yangu wakati yeye yuko Nakwa anakamua ng'ombe, nao wanacheka hadi machozi. Mimi bado sijaweza kucheka vizuri. Nimerudi na shahada ya pili, nimekaa nyumbani nasubiri majibu ya maombi ya kazi, muda wa kufikiri ninao mwingi, na kila nikifikiri nakasirika upya.

Muhula wa pili, baba mkubwa alifariki. Alikuwa kaka yake baba, akiishi Bonga, na mimi nilikaa kwake tangu darasa la tano hadi kidato cha nne, kwa sababu baba mzazi alikuwa fundi wa matrekta na hakai mahali pamoja. Aliyekuja kwenye vikao vya wazazi ni baba mkubwa. Aliyesaini ripoti zangu ni yeye, na aliyenichapa nilipodanganya kuhusu ripoti hizo ni yeye pia. Sikuwahi kumwita "baba mkubwa" mbele yake. Nilimwita baba, naye aliitika.

Simu ilinikuta maktaba. Nauli ya kurudi sikuwa nayo, wakazika bila mimi. Ijumaa ya wiki ile nilitakiwa kuwasilisha insha, nami kwa siku tatu sikuweza kuandika hata sentensi moja. Mwanafunzi mwenzangu wa bweni akaniambia nisijitese, chuo kinawahurumia wafiwa, ni kujaza fomu tu kwenye mtandao.

Fomu ikauliza uhusiano wangu na marehemu, ikatoa orodha ya kuchagua: mzazi, mwenzi, mtoto, kaka au dada, babu au bibi. Chini kabisa palikuwa na "wengineo", na maelezo kwamba hao hawastahili muda wa nyongeza. Mfano uliotolewa wa wengineo ulikuwa marafiki, majirani na "anko".

Nilikaa mbele ya orodha ile saa nzima. Mimi ni mtu wa kujiuliza mara kumi kabla ya kujibu "mambo", seuze fomu. Nikiweka "wengineo", namweka baba pamoja na majirani. Anko mimi najua ni nani: anko ni muuza nyama, unamwambia "anko, niongezee kidogo". Ukitaka kuwa makini zaidi, anko ni mjomba, kaka yake mama, na mjomba wangu yuko Mbulu, mzima, anafuga nyuki. Aliyelala Bonga alikuwa baba. Nikabonyeza "mzazi", kisha "baba". Sikudanganya. Nasema tena, sikudanganya.

Wakanipa siku saba na barua ya pole yenye picha ya ua. Nikaandika insha, nikapata alama nzuri, mambo yakaisha.

Yangeisha, kama simu ya baba mzazi isingetumbukia kwenye hori la maji ya ng'ombe. Akanunua simu nyingine na laini mpya. Mimi kwa wasiwasi wangu nikawaza: nikipata ajali huku, chuo kitampigia nani? Siku hiyohiyo nikaandikia ofisi kwamba baba yangu amebadilisha namba ya simu, naomba waiweke mpya.

Majibu yalikuja baada ya siku mbili, na safari hii hayakuwa na ua. Kwa mujibu wa kumbukumbu zao baba yangu ni marehemu. Nilitakiwa kufika ofisini kueleza, na barua ilitaja kwa heshima zote kwamba taarifa za uongo zinaweza kumzuia mwanafunzi kuhitimu.

Niliyemkuta ofisini alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye boksi la tishu mezani. Nusura nimwamkie shikamoo. Nikamweleza yote, polepole, naye akasikiliza huku akiandika. Mwishoni akaweka kalamu chini.

"Kwa hiyo una baba wangapi?"

"Watatu," nikasema. "Samahani. Sasa ni wawili. Mdogo yuko Mutuka."

Hakucheka. Akaniambia nilete uthibitisho kutoka mamlaka ya nyumbani.

Nikampigia baba nikamweleza kwamba chuoni amekufa. Akauliza alikufa lini. Nilipomwambia ni tangu muhula uliopita, alikasirika sana, si kwa sababu ya kufa, bali kwamba nimejua wiki nzima nami sikumwambia. Kesho yake akavaa koti la kanisani akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Barua niliyotumiwa ninayo mpaka leo. Inasema kwamba baba wa mhusika alifariki na kuzikwa Bonga mbele ya umati mkubwa, na kwamba baba wa mhusika yu hai, ni mkazi mwema wa mtaa huu, na ndiye aliyefuata barua hii. Muhuri umegongwa mara mbili, mmoja kwa kila baba.

Kwangu hakuna barua iliyo wazi kuliko hiyo. Niliitafsiri neno kwa neno nikaipeleka. Yule mama akaisoma, akairudia, akaenda nayo chumba cha pili, nikasikia watu wawili wakijadiliana kwa sauti ya chini. Aliporudi alikuwa na karatasi iliyokwisha kuchapwa. Alisema wameamua kuniamini kwamba sikukusudia ubaya, ni matatizo ya lugha. Nisaini tu, siku zangu saba zitabaki, alama zitabaki, nitahitimu.

Karatasi ilisema nilikosea kumtaja anko wangu kuwa baba.

Matatizo ya lugha. Watu wenye neno moja kwa baba mkubwa, baba mdogo, mjomba na mume wa shangazi, halafu mwenye matatizo ya lugha ni mimi!

"Na nisiposaini?"

Akasema suala litakwenda kwenye kamati ya nidhamu, na hawezi kujua kamati itaamua nini. Akanisogezea tishu. Akaongeza kwa upole wa kweli kabisa, na ndio uliozidi kuniudhi, "Ni neno tu."

Nilichukua kalamu. Nawaza vibaya nikiwa na hofu, na siku hiyo niliwaza yote: kamati, kufukuzwa, kushuka stendi ya Babati na begi bila cheti, mama akiulizwa kanisani. Kisha nikawaza kwamba yule aliyelala Bonga alinisainia ripoti miaka yote ile kwenye mstari ulioandikwa "mzazi", na hakuna mwalimu aliyempelekea karatasi ya kukanusha.

Nikamuuliza kama inawezekana kufuta ombi lenyewe. Lisiwepo kabisa. Wahesabu kwamba insha ilichelewa siku saba bila sababu, na wakate alama wanavyokata kwa wazembe.

Akasema inawezekana, lakini somo hilo nitalipita kwa shida. Nikasema sawa. Akageukia kompyuta, akabonyeza mara kadhaa.

"Nimemrudisha baba yako," akasema. "Nipe namba yake mpya."

Nikamtajia namba, na nikashukuru, jambo ambalo bado linaniuma.

Nje nikampigia baba kumwambia amefufuka. Hakujali hilo. Alitaka kujua kama nimesaini. Nikamwambia sikusaini, na nikamweleza kilichonigharimu. Akaanza kunifokea: kupoteza alama kwa ajili ya neno, tena la Kiingereza, nimesomeshwa ili iweje. Alifoka mpaka akapaliwa.

"Mama," akaniita, kama anavyoniita mimi bintiye hasira zikipoa, "kesho naenda Bonga, tunavuna mbaazi za marehemu. Nitamweleza shemeji."

"Utamweleza nini?"

"Kwa nini cheti kitakuja na C."

Nikamwomba asiitaje hiyo C. Akasema ataitaja, na atawatajia wavunaji wote.